Mbwa Mdogo Aliyeokoa Mbegu Yetu

Nina mbwa asiyefika magotini mwangu, na hapa kijijini Mbuchi sijaona wa kumshinda. Ni wa jamii ya terria, mbwa wafupi wanaozalishwa kwa ajili ya kufuata panya mashimoni. Niliachiwa na mkandarasi wa barabara niliyekuwa nikimlindia vifaa Kibiti, alipomaliza kazi. Kwenye boti ya kurudi nyumbani jirani yangu mmoja aliniuliza, "Mzee, umemfua kwa maji ya moto akasinyaa?"

Mke wangu alimpokea kwa masharti: asivuke baraza, awe na sufuria yake, na akiramba chombo chetu, mimi ndiye nikioshe mara saba, moja kwa udongo. Niliosha viwili tu, tukaelewana wote watatu.

Manyoya yake ni magumu kama makumbi ya nazi. Bwana mifugo alinionya nisiyanyoe hata jua likiwaka vipi, maana ndiyo yanayomkinga. Kila jioni namchana, namtoa matope ya mikoko yaliyoganda, kisha namkagua kupe masikioni na katikati ya vidole. Anakula wali wa chenga na samaki niliyemtoa miiba. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa haipiti tarehe yake.

Kitu nilichoshindwa kuelewa ni kuchimba kwake. Alichimba mahali pamoja tu, chini ya kihenge tulichowekea mbegu ya mpunga. Mke wangu akasema kihenge kikianguka mbwa atapanda boti ya kwanza kurudi alikotoka. Nikamchapa kwa fito na kumfunga kamba kwenye mnazi. Akalala ameelekeza pua kulekule, chakula hataki. Nikaona ni kiburi.

Mvua zilipokaribia, mke wangu alikwenda kuteka mbegu ya kupanda, mkono wake ukakuta pumba tupu upande mmoja. Kihenge kilikuwa kimetobolewa kwa chini. Alimtazama mbwa, ambaye alikuwa akiivuta kamba mpaka anakohoa.

"Mfungue huyo," aliniambia. "Muda wote alikuwa anatuonyesha, sisi tunampiga."

Nilimfungua. Aliingia ardhini ukabaki mkia, akatoka na panya, akamtikisa mara moja, akamtupa na kurudi shimoni. Hakula hata mmoja. Alipomaliza alikuwa tope tupu, akaja kukaa miguuni pangu, mimi niliyemchapa. Mbegu iliyosalia ilitosha shamba letu lote.

Kamba ilimchubua shingo, na hapo manyoya hayakuota tena. Nikimchana, nikifika hapo mkono wangu unapungua mwendo.

Majuzi yule jirani wa kwenye boti alikuja kumwazima mbwa, panya wamemwingilia ghalani. Kabla sijajibu, mke wangu alisema kutoka barazani:

"Mbwa wetu haendi kwa watu bila mzee. Na asifungwe kamba."