Mashine ya Kupandia Kwenye Maweni

Kipya kinyemi kingawa kidonda. Miaka hiyo ya hamsini mume wangu alikuwa mchukuzi wa duka moja Mlandege, mjini Unguja, na siku alipoacha kazi tajiri wake akampa mashine ya kupandia mahindi iliyolala stoo. Akaja nayo kwetu Makunduchi juu ya gari la abiria. Ilikuwa na gurudumu la chuma, debe la mbegu, na jembe dogo la kupasua udongo. Ukiisukuma, kila gurudumu likizunguka punje zinaanguka, mnyororo unafukia nyuma. Alishaona kama hiyo ikifanya kazi Mtoni, kwenye udongo laini, basi akaona tumeukata.

Tumeukata wapi! Shamba letu maweni matupu. Udongo uko kwenye vishimo baina ya mawe, hapa kiganja, pale ungo, na sisi wanawake tunavijua kimoja kimoja. Tunapanda kavu, kabla ya masika, kwa muo, mti uliochongwa ncha. Nikamwambia bwana, shamba hili halina mstari. Akacheka, akasema mimi nimezoea kuinama tu.

Mbegu zilikuwa za marehemu mama yangu. Mahindi mafupi mekundu, yanayowahi kukomaa kabla jua halijaunguza mawe. Ukame wa mwaka uliotangulia ulizimaliza kijiji kizima. Nilibaki nazo mimi peke yangu, mashada machache juu ya meko, moshi uyakinge na fukusi. Nikapukuchua, nikampa nusu ajaribu. Nusu nikaiacha kikapuni, nikenda kisimani.

Niliporudi, kikapu kitupu. Nikakimbilia shamba. Nilimkuta anasukuma, macho kwenye kamba aliyoivuta kuonyesha mstari, gurudumu linarukaruka juu ya mawe. Mashine haijui jiwe wala udongo. Gurudumu likizunguka, inatema. Nyuma yake punje zimetapakaa juu ya mawe, kunguru wameshafika.

"Nshamaliza," akasema, kafurahi kweli kweli. "Tazama mstari ulivyonyooka."

Nikapiga magoti, nikaanza kuokota. Nilizopata hazikujaa kiganja, na nyingi zimepasuliwa na chuma. Ndipo naye akageuka akaona. Akaiangusha mashine, akaja kuokota pamoja nami. Sikumtukana. Ningemtukana nini, mtu aliyetaka kunipunguzia kuinama? Lakini Mungu anajua, nilitamani ardhi inimeze.

Zile chache nilizipanda kwa muo. Hata moja haikuota.

Majirani walipanda mahindi meupe waliyonunua sokoni Darajani, wakanigaia na mimi. Nikashukuru, maana watoto watakula. Masika yale yakawa mazuri, mvua iliyotulia, ya kulowesha hata mizizi ya mawe. Kila mtu akimshukuru Mungu. Mimi nilikaa mlangoni nikiisikiliza, nikaichukia, nikamlilia mama yangu kama kwamba amekufa asubuhi ile.