Neno Lililomrudisha Mzee Nyuma ya Safu

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani Garissa, karani mkuu alinionyesha kigoda na kunipa onyo moja: "Hapa wewe si mtu. Wewe ni mdomo." Ilikuwa miaka ya arubaini. Nilikuwa na Kiingereza cha shule na kiburi cha kutosha watu wawili. Nilidhani kukalimani ni kuchukua neno huku na kuliweka kule.

Mwezi haukuisha, Bwana DC, Mwingereza aliyetawala wilaya, akaitisha baraza la wazee. Kati yao alisimamishwa Haji Abdi, mzee aliyekuwa akiwasalisha watu wake. Alikuwa amemdhamini mpwa wake kwamba hatavusha ngamia mpaka wa malisho, na mpwa akavusha. DC akamwambia kwa Kiingereza kwamba jambo hilo lilikuwa *tarnish* kwa jina lake. Neno hilo sikulijua. Nikaona haya kuuliza, nikabahatisha kwa Kisomali: nijaas, yaani najisi.

Mzee alivaa viatu vyake akaondoka.

Siku ya tatu akanijia sajini wa dubas, wale askari wa vilemba vyekundu. "Walal, ndugu yangu, mzee nakataa kusalisha. Anasema serikali imemwita najisi, sasa yeye nasimama nyuma ya safu. Maziwa yake hakuna mtu nakunywa. Wewe alimwambia nini?"

Nilienda na sajini kwa DC nikakiri, nikijua kazi imekwisha. Hakugomba. Alimwomba sajini beji yake ya shaba, iliyokuwa imefifia, akaniwekea mkononi.

"Neno hili tulilitoa kwa Wafaransa," alisema. "Kwao ni kufifisha. Wenye vitabu wanakisia kuwa asili yake ya kale zaidi ni kuficha. Shaba hii haijaoza. Mng'aro wake umefichwa tu. Nenda ukamwambie mbele ya watu wote. Asiporudi mahali pake, nawe usirudi hapa."

Subhanallah! Neno limezaliwa kwa watu wasiomjua hata ngamia, likavuka bahari na lugha, likafika ukingo wa Tana na kumwondoa mzee mbele ya safu yake, kwa mdomo wangu mimi. Nililiogopa kuliko simba.

Ijumaa, kabla ya sala, niliisugua beji kwa majivu na ndimu mbele ya watu, nikieleza kosa langu. Shaba ikang'aa. Mzee aliitazama sana.

"Kwa hivyo aliyesema najisi si serikali?"

"Ni mimi, adeer," nikamjibu, nikimwita ami kwa heshima.

Akanisogezea kibuyu cha maziwa ya ngamia. "Basi kunywa wewe kwanza."

Nikanywa. Sajini akafuata, kisha wengine. Sala ya siku ile alisalisha yeye.

Nilitumikia mabwana wengi, Garissa hadi Tarbaj, mpaka nikastaafu. Kila nilipokutana na neno nisilolijua niliinua mkono, baraza zima likangoja. Walionicheka niliwaacha wacheke.

Haji Abdi alipofariki, wanawe walinitumia mtu. Mzee alikuwa ameacha wasia: atakapooshwa, wa kummwagia maji awe yule mkalimani.