Fundi Anayesahau Kupumua

Fundi cherehani wa Mtongwe hakoromi, na majirani humwonea gere mkewe, Mwanarehema. Laiti wangejua! Kila baada ya sala ya adhuhuri fundi hujinyoosha mkekani, futi ya kupimia ingali shingoni, na pumzi zake hupungua, hupungua, kisha hukatika kimya. Hapo Mwanarehema huvuta tasbihi na kuhesabu. Akifika punje ya kumi na tano, humpiga kiwiko cha mbavu: “Pumua, baba Jalila!” Fundi huhema kwa kishindo, macho kayafumba. “Silali mimi, nafikiria kola.” Daktari alieleza kwamba koo ni zima, ubongo ndio unaosahau kukiamuru kifua. “Mbona chakula hausahau?” aliuliza Mwanarehema. Wakapewa mashine ya kumsukumia hewa kila pumzi zikatikapo, na barakoa yenye mpira mrefu kama mkonga.

Siku ya kwanza mashine ilipovuma, Mwanarehema alingoja pumzi zikatike ahesabu. Hazikukatika. Usingizi ukamwiba. Alishtuliwa na adhana ya alasiri, akamkuta fundi kaketi kando yake, mkonga usoni, tasbihi mkononi, kiwiko keshakiinua. “Kumi na nne,” akasema. “Bahati yako umeamka.”