Karantini Ilinifungia Ndani na Mkamwana Wangu

Ndugu mtunza ukurasa, jina langu liache humo humo kwenye bahasha. Mbeya ni mji mdogo, na ninayemficha si mimi peke yangu. Mimi ni mwanaume niliyevuka miaka hamsini, fundi uashi na mzee wa kanisa. Shule niliishia darasa la nne. Kwetu ni Rungwe, ila nimepanga vyumba viwili hapa mjini.

Wasomaji wa makabila mengine niwaeleze kwanza. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwanao hakutazami, nawe humtazami. Akisikia unakuja njiani anaingia majanini na kujifunika kichwa mpaka upite. Hasemi nawe, hata jina lako halitaji. Ni heshima, wala hatuoni shida, maana yeye anakaa kwake nami nakaa kwangu.

Sasa huyu mkamwana wangu mimba yake ya kwanza iliharibika. Ya pili ilipokaribia, mke wangu akamleta mjini awe jirani na hospitali, mimi nikahamia kulala kwa rafiki. Mwanangu mwenyewe yuko Iringa, kibarua kwenye mashamba ya tumbaku. Siku moja mke wangu amekwenda nyumbani kufuata ndizi, nami nimepita asubuhi kuchukua vyombo vyangu vya kazi. Mara bwana afya huyo, na askari. Jirani wa chumba cha mwisho ana ndui! Wakamchukua, wakazungusha kamba safu nzima ya vyumba vyetu. Aliye ndani asitoke, aliye nje asiingie.

Nikamwambia bwana afya, "Bwana, mimi silali hapa."

Akasema, "Kuanzia leo unalala."

Vyumba vingine ni vya vijana vibarua, hakuna mwanamke hata mmoja. Basi mkamwana akakaa chumba cha ndani, mimi cha nje, katikati tumening'iniza gunia. Akitaka kutoka anagonga sufuria, mimi nageukia ukuta. Mke wangu alikuwa ameacha kuku mmoja, ndiye akawa mjumbe wetu. "Wewe kuku, maji yamekwisha." Nami najibu, "Kuku, mwambie askari analeta debe." Vijana wakacheka mbavu hawana: "Mzee, huyo kuku akifa mtaongea na nani?"

Nilicheka nao. Niliyavumilia mengi kwa kuwa niliamini yana sababu. Nyumba niliyokuwa najenga akapewa fundi mwingine. Soko likafungwa, ndizi za akina mama zikaozea barabarani. Kanisa nalo likafungwa. Nilisema ni sawa, ndui si mchezo, nimezika watu wa ndui tangu utoto wangu.

Lakini uchungu ulimshika mkamwana mchana, kabla ya wakati wake. Vijana wakapiga kelele, mkunga akaja mbio hadi kwenye kamba.

"Nimechanjwa," akamwambia askari. "Naingia, na nitakaa humo humo mpaka mfungue."

"Mama, sina amri."

"Nani anayo?"

"Bwana afya."

"Yuko wapi?"

"Amekwenda Chunya."

Hapo ndipo nilipomsikia mkamwana wangu, na safari hii hakumwita kuku. "Tata, usiniache." Tata kwetu ni baba.

Niliingia nimefumba macho. Mkunga akazunguka upande wa dirisha, akasimama nyuma ya kamba anapaza sauti, na barabara nzima imesimama inasikiliza.

"Kichwa umekiona?"

"Nimefumba macho!"

"Fumbua, baba wewe! Utaua!"

Nikafumbua. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Akanielekeza namna ya kukitoa, mikono hii ya udongo na chokaa ikakitoa. Mtoto wa kike akalia, nje wakapiga vigelegele, nami nikalia kuliko mtoto. Nilipoinua uso, mkamwana alikwishavuta kanga kujifunika.

Kamba ikaja kufunguliwa. Ndui haikuingia mlango mwingine, hilo nalikubali na namshukuru Mungu. Lakini habari zilifika Rungwe kabla mke wangu hajarudi. Wazee wa ukoo wanasema mwanamke aliyeonwa hivyo na baba mkwe hawezi kubaki mke wa mwanawe, arudishwe kwao. Mwanangu alikuja kutoka Iringa, hakula chakula changu, na mpaka leo mtoto hajampa jina. Mchungaji ananiambia mila hizo ni giza, lakini hapo hapo ananiomba nisigawe meza ya Bwana mpaka maneno yapoe. Nikaenda kwa bwana afya aje awaeleze wazee. Alicheka. "Mzee, mama mzima, mtoto mzima, ndui imekwisha. Unalalamika nini?"

Nalalamika hivi: kamba ilikuwa ya haki, lakini aliyeifunga hakuwauliza waliomo ndani ni akina nani. Angemwacha mkunga mmoja akae nasi, ndui ingepungukiwa nini?

Sasa ukoo unakaa Jumamosi hii. Mkubwa wao amesema nikiapa kwa Biblia kwamba nilifumba macho mpaka mwisho, shauri limekwisha. Mwanangu amenishika mkono: "Baba, apa tu. Nitaamini. Nataka kuamini." Mama yake anasema, "Uongo mmoja, nyumba ipone."

Kuku tulishamchinja kwa mchuzi wa mzazi, kwa hiyo siku hizi mkamwana anasema na mtoto. Jana alimwambia, mimi nimekaa nje ya mlango: "Wewe mtoto, mwambie babu yako, nilimwona alipofumbua macho. Hapo ndipo nilipojua tutapona."

Jumamosi atakuwepo pale amejifunika, ananisikiliza. Nikiapa, atajua nimemdanganya Mungu mbele yake. Nisipoapa, anafunga mizigo yake na mtoto mgongoni. Nanyi mnaosoma, wenye wakwe na wenye imani, niambieni kabla ya siku hiyo: niape, au niseme niliona?