Koki ya Chini ya Benchi

Lucjan Waszkiel aliendesha gari la kuparua theluji kwa miaka ishirini na tisa, na katika vijiji vyote vya upande wa Suwałki hapakuwa na mtu aliyeijua baridi kama yeye. Alfajiri alikuwa akitoka nje kwa ndara, ananusa hewa mara moja, anarudi jikoni kumwambia mkewe, "Wiesława, leo ndoo zitashika barafu." Na zilishika.

Alipostaafu, wawili hao walinunua gari-nyumba kuukuu, lenye kitanda, jiko, sinki, na choo kidogo ambacho Wiesława alikiita kanisa la mtu mmoja. Walikwenda nalo pwani ya Baltiki, wakaenda Latvia, na mwaka mmoja wakafika mpaka Kroatia, ambako Wiesława aliogelea baharini na kofia yake kichwani. Kila vuli Lucjan alililaza gari hilo kwa ajili ya baridi, akilitoa maji yote yasije yakaganda na kulipasua, kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa kazi ya siku mbili, na hakutaka mtu aguse kitu. Wiesława kazi yake ilikuwa kuleta chai.

"Siku moja unionyeshe na mimi," alimwambia.

"Ya nini? Kwani mimi nimekufa?"

Hakufa. Mwezi wa saba kiharusi kilimwangusha kwenye kituo cha mafuta, bomba la petroli likiwa bado mkononi. Alipozinduka hospitalini, upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yote yalikuwa yamempotea isipokuwa moja: "Basi." Kichwani kila kitu kilikuwa mahali pake. Alijua jina la mjukuu wake, alijua bei ya viazi, alijua njia ya kwenda Riga bila ramani. Lakini akitaka kusema "chai" mdomo ulitoa "basi." Akitaka kusema "naumwa," ilitoka "basi." Kuandika nako kulikwisha, herufi alizitazama kama nyayo za ndege kwenye tope.

Siku tatu baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, redio ilitangaza kwamba usiku huo baridi itashuka nyuzi tisa chini ya sifuri. Wiesława alimpigia simu kaka yake Seweryn, kinyozi wa mjini. Seweryn aliwahi kukodi gari la namna hiyo wiki moja, na tangu hapo alikuwa bingwa.

Alifika saa nne asubuhi, glavu mpya mkononi.

"Shemeji!" alipaza sauti, kana kwamba Lucjan alikuwa kiziwi. "Leo wewe ni bosi! Kaa hapo utuangalie tukitoa jasho!"

Walimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka uani, wakamfunika blanketi mbili, mlango wa gari ukiwa wazi mbele yake. Aliona ndani vizuri. Mwanzoni hata moyo wake ulitulia, maana Wiesława hakuwa mjinga. Alisimamisha magodoro kwa ubavu ili yasishike ukungu. Alitoa unga, sukari na biskuti ili panya wasihamie. Aliacha mlango wa friji wazi kidogo, amebana kitambaa. Seweryn alifungua betri akaibeba hadi ghalani huku akiguna kama anabeba piano.

"Hii ni betri au jeneza?"

"Beba, acha maneno," Wiesława alisema. "Lucjan alikuwa anaibeba kwa mkono mmoja."

"Ndiyo maana yuko pale na mimi niko hapa."

Wiesława alimtazama kaka yake kwa jicho ambalo Seweryn alilielewa. Akakohoa, akaenda kushughulikia maji.

Akafungua koki ya tangi kubwa, maji yakamwagika chini ya gari yakafanya mfereji hadi kwenye kabichi. Akafungua bomba la sinki na la bafu, yakatema mate kidogo yakakauka. Akapiga makofi.

"Tayari! Tupu kama mfuko wangu."

Lucjan alingoja. Bado koki moja. Chini ya benchi, nyuma ya sanduku la viatu, palikuwa na tangi dogo la kupashia maji moto, na tangi hilo lina koki yake yenyewe, yenye kijiti cha njano. Usipoifungua hiyo, lita kumi zinabaki ndani hata ukikausha gari zima. Seweryn alikuwa anavua glavu.

"Basi!" alisema Lucjan.

"Umemsikia?" Seweryn alicheka. "Bosi kasema basi. Kazi imekwisha."

"Basi! Basi, basi!"

"Haya shemeji, tumesikia, usipandishe presha."

Lucjan alinyanyua mkono wa kushoto, akaunyoosha kuelekea benchi. Mkono ulikwenda kombo na kidole kikaishia kuonyesha magodoro.

Wiesława alimwinamia. "Unataka kulala, mume wangu? Baridi imekuingia?"

Alitikisa kichwa. Akafanya ishara ya kuchora hewani. Wiesława akakimbia kuleta kalamu na bahasha kuukuu, akampa kalamu na kuishikilia bahasha juu ya goti lake. Lucjan aliuma meno. Kwa mkono usiojua kazi alichora tangi, duara refu kidogo, akaweka bomba huku na bomba huku. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Akamalizia na kile kijiti, upande wa chini.

Ndugu wale wawili waliinamia bahasha.

"Sufuria," Seweryn alisema. "Hii hapa mikono yake. Na huu ni mwiko."

Uso wa Wiesława ulichangamka kwa furaha ambayo Lucjan hakuwa ameiona tangu mwezi wa saba. "Ana njaa! Seweryn, ameweza kuniambia ana njaa! Yule mama wa mazoezi ya kusema alisema lugha itarudi, na inarudi!" Akambusu mumewe kwenye kipara, akamsukuma ndani, akamwekea supu ya uyoga. Akamlisha kijiko baada ya kijiko huku machozi yanamlengalenga. Lucjan aliinywa. Angefanya nini? Kuimwaga kungemvunja moyo yule mwanamke, na tangi lisingefunguka.

Seweryn alifunga gari, akatundika funguo ukutani, akaondoka na mfuko wa biskuti. Jioni, kupitia dirishani, Lucjan aliona mbingu zimetakata na moshi wa majirani umesimama wima. Hakuhitaji kunusa. Alipiga mkono wa kiti mpaka Wiesława akampa kidonge cha maumivu, na kidonge kikamlaza.

Baridi ile ilikaa siku mbili. Siku ya tatu jua lilitoka, paa likaanza kutiririka, na Wiesława alipokwenda kuanua nguo aliona maji yanadondoka chini ya gari walilolikausha wenyewe. Lucjan alimwona akisimama. Alimwona akienda kuchukua funguo, akipanda, akipiga magoti, akitupa viatu nje, kiatu kimoja kimoja. Kisha kwa muda mrefu hakuona kitu.

Aliporudi jikoni mikono yake ilikuwa imelowa. Alisimama karibu na jiko bila kuvua buti.

"Limepasuka," alisema. "Lile tangi la chini ya benchi. Limepasuka ubavuni kama mkate."

Lucjan alitazama meza.

"Haikuwa sufuria."

Alitikisa kichwa taratibu.

"Na mimi nikakupa supu!" Sauti ilimpanda. "Nikakulisha bakuli zima, na wewe ukala! Kwa nini hukulipiga teke? Kwa nini hukunitemea usoni?" Ghafla akakaa chini, akafunika uso kwa mikono ile iliyolowa. Lucjan alitaka kumwambia kwamba si kitu, ni bati tu, kwamba mwaka wake wa kwanza na gari lile yeye mwenyewe alisahau koki hiyohiyo na tangi likanusurika kwa bahati tu. Hilo hakuwahi kumsimulia mtu.

"Basi," alisema. "Basi."

Wiesława alifuta pua kwa kiganja. "Nionyeshe kingine nilichokosea," alisema. "Leo hii."

Kiti hakikuweza kupanda ngazi za gari, kwa hiyo alimweka mlangoni kama mara ya kwanza, akawa analeta vitu au kuvigusa kimoja kimoja na kumtazama. Bomba la sinki, alifunge? Lucjan akatikisa kichwa: liache wazi. Akaliacha wazi. Sanduku la choo? Sawa. Madirisha ya juu? Sawa. Bomba la bafu? Akatazama chini: literemshwe sakafuni. Ilikuwa polepole, na mara mbili walielewana vibaya wakarudia. Lakini walikuwa wanakwenda.

Kisha akafika kwenye pampu ya maji. Lucjan alitikisa kichwa kwa nguvu. Wiesława akaiwasha swichi, hapana. Akaizima, hapana. Akagusa waya, akagusa mpira, akagusa ukuta wa nyuma. Pampu ilikuwa na kikombe cha chujio, kidogo kama yai, kilichojificha upande asioweza kuuona, kimejaa maji ambayo baridi ijayo ingeyagandisha. Akamletea bahasha. Lucjan alichora yai. Wiesława alilitazama kushoto, akaligeuza, akalitazama kulia.

"Balbu?"

Hapana.

"Kitu cha mviringo. Kina mfuniko? Kiko humu ndani au chini ya gari?"

Maswali mawili kwa mpigo. Hakujua ajibu lipi, akajibu moja, naye akalichukulia kuwa jibu la jingine. Akatambaa chini ya gari kwa tochi, akatoka na tope kwenye nywele. Saa kumi jioni giza la mapema la vuli lilikwishaingia, baridi ikarudi, na tone la pua likaanza kumgandia mdomoni.

"Lucjan," alisema, "nimeshindwa. Najua kuna kitu. Sijui ni nini."

Alisimama mbele yake, bahasha mkononi, akingoja kama vile huenda neno lingine likatoka sasa hivi. Lucjan alifungua mdomo. Alilitafuta neno, akalipata wazi kabisa kichwani, chujio, na kwa kujua litakalotoka ni lile moja tu, akaufunga mdomo bila kujaribu.

Wiesława alifunga mlango wa gari kwa ufunguo. Akashika kiti, akakigeuza, na wakaingia ndani.