Chini ya Matarajio

Sisi tuliokulia mtaa wa Kiandutu, Thika, wakati ule, siku ya somo la sanaa ilijulikana kwa kucha zetu. Asubuhi zilikuwa safi, jioni zimejaa udongo. Mvua ikishanyesha tulishuka mtoni na mikebe mitupu ya mafuta, tukachimba udongo mweusi unaonata, huku upepo ukituletea harufu ya mananasi kutoka mashambani. Mama alinionya kila wiki, "Rudi na matope kwa yunifomu uone kama hutalala nayo!" Nilirudi nayo kila wiki. Watoto wa leo wakiona tope wanauliza sanitaiza iko wapi.

Aliyetufundisha ni Mwalimu Nekesa, mama mchangamfu kutoka Bungoma. Hakuwahi kutufinyangia mfano tuuige. Alipita dawati kwa dawati, akakigeuza kitu chako mkononi, halafu akauliza, "Hii umeifanya hivi kwa nini?" Ukisema ni kwa sababu Njoroge amefanya hivyo, anakirudisha taratibu na kukuacha ufikirie upya. Siku moja nilifinyanga ng'ombe wa miguu mitatu. Nikamwambia mguu wa nne ameukunja, anataka kulala. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akampeleka ng'ombe wangu kwa mwalimu mkuu. Hiyo ndiyo iliyokuwa alama yangu, na niliringa nayo muhula mzima.

Mwaka huu binti yangu Wambui, aliye gredi ya tano, aliambiwa apeleke ndege wa udongo. Tunakaa Gatongora, na kwetu kumejaa kokoto na simiti, kwa hivyo tulifuata udongo hadi Murera. Jumamosi nzima alikaa nje akimchungulia kuku wa jirani. Akamfinyanga akiwa ameachama, mabawa ameyatenga na mwili.

"Mum, jua likiwa kali wanasimama hivi," aliniambia.

Kuku nimewafuga tangu utotoni, na sikuwa nimewahi kuliona hilo.

Jumatatu alirudi na karatasi ya alama. Ilisema: chini ya matarajio.

Nilienda shuleni. Mwalimu wake, kijana mpole mwenye macho ya uchovu, alinionyesha meza iliyojaa ndege wa kununuliwa dukani, wote rangi moja, wote shingo moja.

"Mama Wambui, hata mimi huyo kuku nimempenda," alisema. "Lakini mwongozo unataka umbo lifanane na picha ya kitabu. Nikishakagua, napiga picha, natuma kwa sistimu ya mtandaoni. Na mimi pia nakaguliwa."

"Na kufikiria kwake kunakaguliwa wapi?"

Aliigeuza karatasi, akaitazama mbele na nyuma.

"Hakuna mahali pake," akasema.

Sikuweza hata kumkasirikia.

Muhula huu wameagizwa kinyago. Nilimwambia Wambui twende tena Murera, nikamwahidi na soda njiani. Hakuinua kichwa.

"Mum, si ununue tu ya duka?"

Nilimbembeleza wiki nzima. Mwishowe nikanunua. Amezidi matarajio, na hakuniambia. Matokeo niliyaona kwa simu.

Sisi tulipigwa, tulienda shule pekupeku, na penseli za rangi tulizitazama tu kwenye dirisha la duka la Mhindi pale Thika mjini. Lakini kulikuwa na mtu mzima aliyetaka kujua tunaona nini. Huyu wangu nilimnunulia pakiti nzima ya rangi. Iko juu ya kabati, na plastiki yake haijatolewa.