Shuka la Arakaza

Régine Nahayo hakuwahi kuchora ramani hata moja maishani mwake. Kazi yake ilikuwa kuosha. Ujanani, kule Bujumbura, aliajiriwa na ofisi moja ya ujenzi, katika chumba cha nyuma ambako nakala za ramani zilitengenezwa kwa jua na maji. Wachoraji walileta michoro yao, ikalazwa chini ya kioo juu ya karatasi iliyopakwa dawa, ikaanikwa juani, kisha Régine akaizamisha karatasi ile kwenye beseni. Iliingia majini ikiwa na rangi ya majani yaliyonyauka, ikatoka buluu, na mistari ya nyumba ambazo bado hazijajengwa ikabaki myeupe. Miaka kumi na minne alirudi nyumbani na kucha za buluu. Mumewe alizoea kumwambia kwamba anashika mbingu kila siku.

Kisha zikaja mashine za kunakili, chumba kikafungwa. Baadaye vikaja vita, na mume akaenda navyo. Mwaka wa tisini na tano Régine alifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka akiwa na umri wa miaka hamsini na mbili, akajenga kijumba cha matofali mabichi, na kila Alhamisi akawa anateremka Lilongwe kufua nguo katika nyumba moja ya mtaa wa Nsungwi.

Mwenye nyumba hiyo aliitwa Bambo, yaani Bwana, Kapalamula, mzee mpole aliyestaafu kazi ya kuchora ramani. Siku moja, katika mwezi wa sita wa mwaka uliofuata, alikuwa akitupa vitu vya kabatini mwake, na Régine akaona mitungi miwili ya kioo pembeni mwa shimo la taka. Mmoja ulikuwa na unga wa kijani, mwingine chembe nyekundu kama damu iliyoganda. Akaacha kufua. Povu likamkauka mikononi.

"Bambo," akasema, "hivi navijua. Ni dawa za karatasi ya buluu."

Mzee alimtazama kwa mshangao. "Mai, hata vijana wa ofisini siku hizi hawavijui. Chukua. Lakini chembe hizi nyekundu ziweke mbali na watoto."

"Zikomo, Bambo," Régine akashukuru, akaifunga mitungi ndani ya kitenge kama anayefunga mtoto.

Jirani yake pale kambini alikuwa Bucumi, fundi cherehani aliyetoka Rumonge kando ya ziwa, pamoja na mkewe Arakaza, aliyekuwa na mimba ya miezi saba. Bucumi alikuwa amemshonea Régine gauni la kanisani bila kumdai chochote, naye Régine akawa anatafuta namna ya kuwashukuru. Akaamua kuwatengenezea shuka la kitanda lenye vivuli vya majani. Alifunga mlango, akaziba dirisha kwa gunia, akachanganya dawa zile mbili kwenye bakuli na kulipaka shuka jeupe kwa kitambaa laini. Akaliacha likauke gizani hadi kesho yake.

Saa sita mchana, upepo ukiwa umetulia, alilitandika nyuma ya nyumba na kuanza kupanga majani ya mkaratusi pembezoni. Arakaza akaja akiburuta miguu.

"Mama Régine, mi nimechoka. Mgongo inaniuma."

"Kaa hapo katikati, mwanangu. Hakuna shida, hapo sijaweka kitu."

Arakaza akakaa. Jua la msimu wa baridi lilikuwa laini, ardhi imepata joto chini ya kitambaa. Akajinyoosha kwa ubavu, akaweka kiganja chini ya shavu, na kabla Régine hajapanga jani la tano, alikuwa amekwisha kulala. Régine akasimama na jani mkononi. Shuka lilikuwa tayari linabadilika, kijani kikigeuka kijivu, na kijivu kikipata mng'ao wa sufuria kuukuu. Angeweza kumwamsha. Badala yake alikaa kwenye kigoda akamlinda, akifukuza nzi kwa kanga. Pumzi za Arakaza zilipanda na kushuka, tumbo nalo mara moja likacheza lenyewe, na kwa muda ule Dzaleka yote ilionekana kunyamaza, pampu ya maji, mazoezi ya kwaya, watu wote, kana kwamba kila mmoja ameambiwa asimwamshe.

Baada ya nusu saa alimwinua taratibu na kulizamisha shuka kwenye karai. Maji yakatoka ya manjano, akayamwaga, akaongeza mengine, hata yakawa safi. Alipolianika, Arakaza aliziba mdomo kwa mkono. Alikuwapo pale, mweupe ndani ya buluu nzito, magoti yamekunjwa, tumbo la mviringo, na vidole vikififia ukingoni kama moshi.

"Njo mimi huyu?"

"Ndiyo, njo wewe. Na mtoto."

Walikuwa bado wanacheka Bucumi aliporudi kutoka Lilongwe na mfuko wa nyuzi. Alizunguka nyumba, akaliona shuka, na mfuko ukamdondoka.

"Ni nani huyu iko ndani ya maji?"

"Bucumi, ni bibi yako, Arakaza," Régine akasema. "Alilala tu."

Hakusikia. Aliketi chini palepale. Aliposema, alikuwa akizungumza na mchanga. "Tulikuwa batu kumi na tisa kwa mtumbwi. Ziwa ikachafuka. Dada yangu Amanda alianguka asubuhi, mi nikamuona chini ya maji, gauni yake imefunguka. Maji ilikuwa rangi hii. Rangi hii kabisa." Akageuza kichwa. "Mama, mi siwezi kulalia hiyo kitu."

Arakaza hakuwa ameisikia habari ile. Akapiga magoti kando ya mumewe, na Régine akaliondoa shuka kambani.

Usiku huo hakulala vizuri, lakini si kwa huzuni. Alikuwa anakumbuka. Kule ofisini, mchoraji akitaka kusahihisha ramani ya buluu, alichovya kalamu kwenye maji ya magadi, na kila alipopitisha, buluu ilikimbia. Na kuna siku Régine alimwaga chai juu ya ramani iliyosahihishwa hivyo, akagombezwa vibaya, kwa sababu mistari ile ya magadi iligeuka hudhurungi.

Asubuhi aliwaita wote wawili. Aliyeyusha magadi aliyokuwa akipikia maharagwe, akalizamisha shuka. Buluu ikaanza kuondoka. Ikawa zambarau, ikawa kijivu, ikawa manjano hafifu kama mkojo wa mtoto, na Arakaza aliyekuwa amelala mle akafifia pamoja nayo.

Bucumi akaruka. "Unamfuta! Mama, unamfuta bibi yangu!"

"Ngoja."

"Haonekani tena!"

"Nimekuambia ngoja, kijana. Leta ile ndoo."

Ndani ya ndoo kulikuwa na chai nzito ya Thyolo, imepoa, nyeusi. Régine akasuuza shuka mara tatu, akampa Bucumi alitie mwenyewe. Aliling'ang'ania kwa mikono miwili chini ya chai, kama anayeshikilia kitu kisizame. Saa moja ikapita, ya pili nayo ikaingia. Walipolitoa, buluu yote ilikuwa imekuwa rangi ya udongo baada ya mvua ya kwanza, na mwanamke yule amerudi katikati, rangi ya maziwa yenye chai.

Bucumi alilitazama mpaka likaacha kudondoka. "Sasa amelala," akasema. "Iko kwa majani makavu. Amelala."

Mtoto alizaliwa mwezi wa nane, binti, akalazwa juu ya shuka lile siku ya tatu. Watu wengine wakaja kuomba ya kwao, Régine akawafanyia, wengine buluu, wengine chai, hadi dawa ya mitungini ikaisha karibu na msimu wa mvua. Tone la mwisho alilipaka kwenye foronya kuukuu. Hakuweka jani wala mkono. Aliiacha juani ikiwa tupu, akaiosha, ikatoka buluu moja tu, toka pembe hadi pembe.

Bucumi alipita akasimama mbele ya foronya ile iliyoanikwa.

"Hakuna mtu humu?"

"Hakuna."

Akaigusa kwa kidole buluu ile ya ziwani, akaangalia ukingo uliokuwa ukifumuka. Akaiondoa kambani, akaenda nayo kwenye cherehani yake. Jioni akairudisha, imepindwa vizuri kwa uzi mweupe.